Miwani, taji na dansi la mwisho: maswali yenu kuhusu filamu za vijana wa shule

Swali: Kwa nini msichana anayeitwa mbaya akivua miwani tu, shule nzima inachanganyikiwa? Mbona alikuwa mrembo tangu mwanzo?

Alikuwa mrembo, na waliomchagua walilijua hilo siku ya usaili. Katika She's All That (1999), Laney anabandikwa miwani na kuvalishwa ovaroli kwa kuwa ni mchoraji, kisha anateremka ngazi kwa gauni jekundu huku muziki ukimsindikiza. Kisa chenyewe ni cha zamani. George Bernard Shaw alikipeleka jukwaani mwaka 1913 katika Pygmalion, na huko nako, kama kwa Laney, chanzo kilikuwa wanaume wawili kuwekeana dau juu ya msichana.

Miwani hainiudhi sana. Mimi huangalia nani anatakiwa abadilike. The Breakfast Club (1985) inawafungia wanafunzi watano maktabani siku ya Jumamosi kutumikia adhabu, na karibu muda wote inatuambia tusiwapime watu kwa vikundi vyao. Mmoja wao ni Allison, haongei, nywele zimemfunika uso. Kuna sini anakung'uta mba juu ya mchoro wake ili ziwe theluji. Ukishamwona hapo humsahau. Halafu mwishoni Claire anamchana, anampaka vipodozi, na papo hapo mwanamieleka wa shule anamwona. Wenzake wanne wanatoka na sura walizoingia nazo. Ni yeye tu aliyetakiwa kusafishwa.

Swali: Mpaka leo roho inaniuma. Katika Pretty in Pink, Andie alimwachaje Duckie aliyempenda miaka yote, akaenda kwa Blane kwa kuwa ni tajiri? Waliogopa nini?

Pole. Duckie aliwahi kumpata. Muswada wa John Hughes uliishia kwa Andie na Duckie pamoja dansini, na mwongozaji Howard Deutch aliupiga hivyo hivyo. Kabla filamu haijatoka mwaka 1986, ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, nao wakazomea. Ikabidi waigizaji waitwe upya. Andrew McCarthy, aliyecheza Blane, alikuwa ameshanyoa nywele kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, kwa hiyo katika mwisho ule mpya amevaa wigi. Iangalie tena, utaliona.

Hughes hakukubali yaishe. Akaandika Some Kind of Wonderful (1987), akampa Deutch yuleyule, akageuza jinsia: safari hii Keith anamwandama msichana anayetembea na matawi ya juu, huku rafiki yake Watts, mpiga ngoma, akifa na tai shingoni. Keith anamaliza akiba yake ya chuo kununua hereni za almasi. Zinaishia masikioni mwa Watts.

Huo ndio mwisho unaosifiwa kuwa wa kijasiri, nami hapo hatukubaliani. Hadithi ya maskini na tajiri inaahidi kwamba ukuta utavukwa. Andie angebaki na Duckie, filamu ingekuwa imesema kila ndege huruka na ubawa wake, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema Steff, yule rafiki wa Blane mwenye dharau, tangu mwanzo. Waliozomea hawakuwa wajinga. Walikuwa wanadai walichoahidiwa.

Swali: Shikamoo. Nina miaka 15. Kwa nini "wanafunzi" kwenye filamu hizi wanafanana na walimu wangu?

Marahaba mwanangu. Kwa sababu wengine wana umri wa walimu wako kweli. Stockard Channing, aliyecheza mwanafunzi, alikuwa na miaka 33 walipokuwa wakipiga Grease, iliyotoka 1978. Sheria zinabana saa za kazi za watoto na kutaka waendelee na masomo. Mtu mzima hana masharti hayo. Eighth Grade (2018) ilikwenda kinyume ikamchukua Elsie Fisher akiwa bado binti mdogo, chunusi zikaachwa zionekane. Kichekesho ni kwamba kule Marekani filamu hiyo ilipewa daraja linalozuia walio chini ya miaka 17 kuingia bila mtu mzima. Wanafunzi wa darasa lile lile inalolisimulia walihitaji kusindikizwa.

Swali: Lazima kila filamu iishie kwenye dansi la shule?

Si lazima, ila mwandishi anapata wapi tena ukumbi mmoja wenye marafiki, maadui, mpenzi, aliyepigwa chini na walimu, wote wamepiga pamba? Ndiyo maana hata wavunja kanuni hawalifuti dansi. Carrie (1976) inafuata kila hatua, mpaka taji na makofi, ndipo ndoo ya damu ya nguruwe inamwagika. Katika Mean Girls (2004) Cady anashinda taji, analivunja vipande na kuwarushia wenzake. Na Lady Bird (2017) inafanya jambo dogo ninalolipenda kuliko yote: binti yuko garini, mvulana na wenzake wanaghairi kwenda dansini, naye anaomba apelekwe kwa rafiki yake Julie. Anamkuta analia. Wanakwenda dansini wao wawili.

Swali: Filamu ikizicheka kanuni zake, imezivunja?

Hapana. Not Another Teen Movie (2001) inataja kila ujanja kwa sauti, na bado steringi anampata binti wake.

Swali: Wazazi huwa wako wapi?

Wamesafiri, wako kazini, au hawaelewi kitu. Wakiwepo, kisa kinakufa mapema. Lakini rudi kwa wale watano wa maktabani. Wazazi wa baadhi yao tunawaona asubuhi wakiwashusha na jioni wakija kuwachukua, basi, na bado mazungumzo karibu yote ya siku ile yanawahusu wazazi. Lady Bird ikafanya ambalo wengine walilikwepa: ikamtoa mama garini, ikamweka katikati. Wavulana wawili wanakuja na kupita, na ugomvi unaotuweka roho juu ni ule wa mama na binti, wakibishana katika duka la nguo za mitumba, kisha wakikatiza ghafla kwa sababu wote wawili wamelipenda gauni moja.