Mbwa wetu amemuua paka wa jirani, na mume wangu anasema ni paka tu

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Tanga na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka jana, baada ya wezi kuruka ukuta, mume wangu alinunua mbwa mkubwa wa kulinda nyumba. Mchana hufungwa mnyororo na usiku huachiwa uani. Mara mbili aliwahi kutoka akawafukuza kuku wa watu, tukacheka. Komeo la geti dogo lilikatika tangu kabla ya Ramadhani, tukawa tunalibana kwa jiwe. Wiki iliyopita, alfajiri, dada wa kazi alitoka kwenda kununua mkate, mbwa akasukuma geti, akapanda hadi barazani kwa jirani yetu, bibi mjane mwenye umri wa mama yangu, akamkamata paka wake na kumtikisa. Bibi alipojaribu kuwaachanisha alikwaruzwa mkono. Paka alipelekwa kwa daktari wa mifugo lakini alikufa usiku uleule. Mume wangu hakwenda hata kutoa pole. Anasema ni paka tu, mbwa amefuata maumbile yake, na mwenye kosa ni dada, ambaye amemkata shilingi 50,000 katika mshahara wake. Tena amekasirika kwa sababu bibi alionekana akiosha baraza yake kwa udongo na maji, jambo analoliona kuwa ni kututukana. Vijana wa mtaani wanasema watamtegea mbwa sumu. Nina akiba yangu ndogo. Je, nimpelekee bibi kwa siri ili mambo yaishe?*
*Mwenye aibu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo ulilolipitia kwa haraka, kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja: bibi alikwaruzwa mkono. Hukueleza kama zilikuwa kucha za paka au meno ya mbwa, na huenda hata yeye mwenyewe hajui, kwani katika purukushani kama ile mtu humtazama mnyama wake na kuusahau mkono wake. Hukueleza pia kwamba mbwa wenu alichanjwa lini. Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, na dalili zake zikishamtokea mtu, ni nadra mno kwake kupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma majibu haya, nenda kwa bibi, umwombe mwende naye hospitali, mkichukua kadi ya chanjo ya mbwa kama ipo. Jeraha la namna hiyo huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 palepale linapotokea, lakini hata siku zikiwa zimepita, sindano za kinga bado zinafaa maadamu dalili hazijaanza, na daktari atatazama pia suala la pepopunda. Mbwa naye afungiwe mahali salama, daktari wa mifugo amwangalie hadi zitimie siku 10 tangu tukio. Akizimaliza akiwa mzima, itajulikana kwamba mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa asubuhi ile. Hata hivyo, bibi asicheleweshwe sindano kwa kungojea siku hizo. Nauli, dawa na kila sindano ni juu yenu, na hilo lisiwe na mjadala nyumbani.

Sasa nije kwa mumeo. Anasema mbwa alifuata maumbile yake, na katika hilo nakubaliana naye kabisa. Mbwa huvutwa na kitu kinachokimbia. Na mbwa anayeshinda kwenye mnyororo, asiyetembezwa wala kufundishwa kuitika anapoitwa, anapopata mwanya hutoka na nguvu zote alizozikusanya. Lakini maumbile hayo mumeo aliyajua siku alipomnunua, na ndiyo aliyoyalipia fedha. Aliyajua tena kuku walipofukuzwa mara ya kwanza, na mara ya pili. Kanuni ya sheria tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza hutazama hasa jambo hilo: je, mwenye mnyama alikuwa anajua kwamba mnyama wake ana tabia ya kudhuru? Aliyejua na asimzuie, madhara ni yake. Sijui kama getini kwenu mmebandika kibao cha "Mbwa Mkali" kama walivyofanya wengi, lakini watu wenye vibao hivyo wakumbuke kwamba vinawaonya wapita njia na wakati huohuo vinamshuhudia mwenye nyumba kwamba habari anazo. Paka aliyelala barazani kwao hawezi kusoma kibao, wala hakuwa amepita njia ya mtu.

Ninyi mlikuwa na habari, na komeo lilikuwa limekatika, na badala yake pakawekwa jiwe. Ninarudia neno "ninyi", mwanangu, kwa sababu wewe pia ulilisogeza jiwe lile kila ulipotoka. Dada wa kazi alifungua geti ili awaletee mkate watoto wenu, akalifunga kwa kile alichopewa na waajiri wake. Kumtwika yeye kosa hilo ni dhuluma, na kumkata mshahara ni dhuluma ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara kwa kuamua tu kichwani mwake: ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Hapa hata sharti la kwanza halikutimia. Shilingi 50,000 zake zirudi mkononi mwake zikiwa kamili, na mumeo amwambie kwa mdomo wake kwamba kosa halikuwa lake, mbele ya watoto waliosikia akilaumiwa.

Kuhusu kauli ya "ni paka tu", ningependa mumeo ajue kile ambacho bibi alikiona siku ile. Mbwa mkubwa akimshika mnyama mdogo na kumtikisa, ngozi huonyesha vitundu viwili vitatu ambavyo ungeweza kuvifunika kwa ncha ya kidole, ilhali chini yake nyama zimepondeka, mbavu zimevunjika na mapafu yameumia. Mara nyingi mnyama husimama, hujilamba, pengine hata hunywa maji, mwenyewe akashukuru kwamba amenusurika, kisha pumzi zikaanza kuwa fupifupi kadiri saa zinavyokwenda. (Msomaji mwingine ambaye mnyama wake ameng'atwa asidanganywe na udogo wa jeraha, amfikishe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.) Mama mtu mzima, anayeishi peke yake, alikesha na kiumbe aliyekuwa akifa taratibu, na ukuta wa pili walikuwapo watu waliojua wala hawakubisha hodi. Ninaamini kimya hicho kinamuuma kuliko hata kifo chenyewe.

Na ule udongo barazani haukuwa tusi. Jirani yako ni Muislamu, na kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, mahali palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Bibi alikuwa akiisafisha sehemu anayotandika mkeka wake ili aweze kuswali. Paka, kinyume chake, hana najisi kwao. Akinywa katika chombo cha maji, maji yale bado yanafaa kwa udhu, na ndiyo sababu paka huzunguka hadi chumbani katika nyumba nyingi za Tanga. Mweleze mumeo hayo kwa upole, kwa kuwa nadhani hasira yake imejengwa juu ya jambo asilolielewa. Mkienda kwa bibi, mbwa abaki nyumbani hata kama amefungwa kamba, na asiletwe "aombe msamaha", kama nilivyowahi kuona watu wakifanya kwa nia njema.

Swali lako lilikuwa kuhusu fedha za siri. Usizipeleke. Bibi atazipokea akidhani zimetoka kwenu nyote, kesho atampita mumeo njiani asisalimiwe ipasavyo, naye atajua amefichiwa. Mumeo akija kujua, ugomvi utahama kutoka kwenye paka na kuwa ugomvi wa ndoa. Na juu ya hayo yote, yeye ataendelea kujiona hana deni. Unachoweza kufanya bila kumsubiri ni kwenda kutoa pole na kumpeleka bibi hospitali, tena waziwazi, ukimwambia mumeo kabla ya kutoka kwamba unakwenda. Barazani kwa bibi usimtetee mbwa, usimlaumu mumeo, wala usiseme "Mungu atakupa mwingine". Sema mmekosa, umsikilize, na kama atalia ukae naye.

Deni lenyewe alipeleke mumeo. Zungumza naye watoto wakiwa wamelala, na anza na hofu yake, maana mbwa huyu aliletwa na hofu ya wezi: mlinzi anayetoka getini na kuwaletea uadui wa mtaa mzima analinda nini? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa tayari wamekwisha kula dada, wewe na watoto wanaosikia habari za sumu. Kisha umwombe aende kwa bibi pamoja na mzee mmoja anayeheshimika mtaani, alipe gharama za daktari wa mifugo kwa mujibu wa risiti, na amuulize bibi mwenyewe ni kipi kingine kinachomridhisha. Asinunue paka mwingine akampelekea bila kuulizwa. Watu wengine huhitaji muda, na wengine hawataki tena.

Mbwa asiuawe, wala asihamishiwe kwa shemeji Muheza ili akafanye hayohayo kwa kuku wa wengine. Komeo lifungwe leo, na geti liwekewe springi ya kulirudisha lenyewe. Mnyororo wa mchana ubadilishwe kwa banda lenye uzio na kivuli. Achanjwe kichaa kila mwaka, mkikumbuka kwamba baadhi ya halmashauri huchanja bure kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Atembezwe kwa kamba na mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia. Kuhasiwa kunaweza kumpunguzia dume hamu ya kuzurura, ingawa hakuondoi tabia ya kukimbiza. Kumpiga kwa tukio la wiki iliyopita hakuna faida, kwa kuwa hataunganisha kipigo na kosa.

Habari za sumu mpelekee mwenyekiti wa mtaa mapema. Kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na sumu ikishatupwa uchochoroni haichagui: itawamaliza kuku na paka waliobaki, na inaweza kuokotwa na mtoto.

Ikiwa mumeo atakataa yote haya, bibi ana haki ya kwenda serikali ya mtaa, na wasipopatana, kufungua madai ya fidia mahakamani. Usimzuie, wala usimwombe avumilie kwa ajili yako. Na ukiitwa kueleza, eleza kama ulivyoniandikia mimi: komeo lilikatika lini, mbwa alitoka mara ngapi kabla ya siku ile, na dada alikuwa ametumwa na nani.