Maswali ya Wasomaji: Dalziel, jina lenye z isiyotamkwa

SWALI: Waskoti hutamka jina la ukoo Dalziel kama "Di-eli". Hiyo z imekwenda wapi?

JIBU: Haikuwa z tangu mwanzo. Waandishi wa Uskoti wa zama za kati walikuwa na herufi iitwayo yogh, yenye umbo kama tarakimu 3 iliyoning'inia chini ya mstari, na sauti yake ilikaribia y. Uchapaji ulipofika Edinburgh mwanzoni mwa karne ya 16, herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilitoka bara Ulaya, na yogh haikuwemo. Wachapaji wakachukua iliyofanana nayo, yaani z. Macho yakazoea z, ndimi zikabaki na matamshi ya zamani. Yaliyompata Dalziel ndiyo yaliyompata Menzies, ambaye wengi Uskoti humwita "Mingis". Familia nyingine ziliamua kuandika Dalyell, na kwa kweli tahajia hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na asili. Lakini ukikutana na Dalziel anayetamka z yake waziwazi, usimsahihishe. Jina ni lake.

SWALI: Ukoo huu ulianzia wapi, na ulisambaaje?

JIBU: Ulianzia mahali pamoja: ardhi ya Dalziel kando ya mto Clyde, katika jimbo la Lanark, ambako leo upo mji wa Motherwell. Wenye ardhi walichukua jina la ardhi. Hadi leo tahajia haijatulia hata hapo nyumbani kwake: parokia ya zamani ni Dalziel, kiwanda cha chuma cha mji huohuo ni Dalzell.

Kutoka Lanark tawi moja lilishuka kusini hadi Glenae, Dumfries. Jingine lilikwenda mashariki: mwaka 1612 Thomas Dalyell, mfanyabiashara wa Edinburgh, alinunua ardhi ya Binns, magharibi mwa jiji hilo. Mwanawe, Jenerali Tam Dalyell, alimtumikia mfalme wa Urusi kisha akarudi, na mwaka 1681 akaunda kikosi cha wapanda farasi kilichokuja kujulikana kama Scots Greys. Mbunge Tam Dalyell, aliyeuliza mwaka 1977 kwa nini wabunge wa Uskoti wapige kura juu ya mambo ya England pekee, alikuwa wa nyumba hiyohiyo. Wakubwa wa ukoo walipata cheo cha Earl wa Carnwath mwaka 1639, wakakipoteza baada ya uasi wa 1715 dhidi ya mfalme, wakarudishiwa 1826. Watu wa kawaida walivuka bahari kwenda Ulster, kaskazini mwa Ireland, na baadaye Canada, Australia na New Zealand.

SWALI: Natafuta Dalziel mmoja katika kumbukumbu za Uskoti. Nimempata kwenye sensa ya 1861, lakini kabla ya hapo hayupo kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Yumkini yupo, ila kwa tahajia nyingine. Kosa kubwa la watafutaji ni kudhani Dalziel, Dalzell na Dalyell ni koo tatu. Karani aliandika alichosikia, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti.

Kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, usiandike jina kamili. Weka Dal\*l, nyota hiyo hubeba herufi zozote, kwa hiyo itakuletea tahajia zote hizo tatu na nyinginezo. Ukikosa, jaribu D\*ell ili unase Deyell, aliyeandikwa kwa sikio. Utaletewa na wasiohusika, hivyo bana matokeo kwa parokia na miaka.

Kisha tafuta cheti cha kifo au cha ndoa cha baada ya 1 Januari 1855, uandikishaji wa serikali ulipoanza. Vyeti vya Uskoti hutaja baba na mama, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Ukiangukia cheti cha mwaka 1855 wenyewe, una bahati: mwaka huo waliuliza mengi mno, kiasi kwamba waliyapunguza mwaka uliofuata. Cheti cha ndugu yake wa 1855 kinaweza kukufaa kuliko cha kwake.

Kabla ya hapo tegemea vitabu vya parokia, ambavyo huandika ubatizo zaidi kuliko kuzaliwa. Waliosali nje ya kanisa la taifa mara nyingi hawamo. Na katika sensa ya 1841 umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi kigawe cha 5: wa miaka 39 akaandikwa 35. Usimkatae mtu kwa sababu hiyo.

SWALI: Naweza kununua nembo ya ukoo wa Dalziel?

JIBU: Picha utauziwa, haki hutauziwa. Uskoti nembo ni ya mtu mmoja, si ya kila mwenye jina, na mahakama ya Lord Lyon ndiyo inayoisimamia. Nembo yenyewe ni ya ajabu: mtu aliye uchi, mikono imetanuliwa, kwenye ngao nyeusi. Hadithi ya ukoo husema mfalme Kenneth alitaka mwili wa jamaa yake aliyenyongwa na adui uteremshwe, na mmoja akajibu, "Nathubutu." Maneno hayo ndiyo kaulimbiu yao.