TdT imewaka kila mahali: timoma au limfoma?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, biopsi ya sindano kutoka kwenye uvimbe wa thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani) imejaa limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zenye TdT, kimeng'enya cha limfosaiti changa, na mwenzako anataka kuandika limfoma, yaani saratani ya limfosaiti. Msiandike bado! Limfosaiti changa za T zenye TdT hukaa ndani ya timoma nyingi, yaani uvimbe unaotokana na seli za epithelia (seli za utando) za thaimasi. Anza na rangi ya keratini, kisha p40; zote huonyesha seli za epithelia. Nyuzi za keratini zikiwa zimefumana kama wavu katikati ya limfosaiti, fikiria timoma. Wavu ukiwa umechanika au haupo, limfoma inapata nguvu. Seli za epithelia zikiwa na sura mbaya, ongeza rangi za alama za CD5 na CD117, ila hakikisha zimeshika rangi kwenye seli hizo zenyewe: hapo naishuku saratani ya thaimasi. Kipande kikiwa kidogo mno, mimi huomba kingine kabla ya kusaini.