Samaki mwenye mkia wa panya: si chewa, na ana sababu ya kutovuliwa

Mkuu, kwenye picha yako umeuliza kama huyu mwenye macho makubwa na mkia wa panya ni chewa, na kwa nini havuliwi kwa wingi wakati nyama yake ni nyeupe na nzuri. Nimemtambua papo hapo. Wanorwei wanamwita skolest, kitaalamu Coryphaenoides rupestris.

Si chewa. Kamusi zetu humwita hivyo torsk, yule samaki wa Norway anayekaushwa, lakini chewa wetu wa kwenye miamba ni ukoo mwingine kabisa. Skolest ni ndugu wa torsk. Mwangalie chini ya kidevu, utaona kindevu kimoja kidogo.

Nilisoma Bergen, Norway, na Januari moja wanafunzi wachache tulichukuliwa kusaidia kwenye meli ya utafiti wa kamba huko Skagerrak, bahari iliyo kati ya Norway na Denmark, yenye kina cha hadi mita 700 hivi. Wavu wa kukokota ulipopanda, skolest walimwagika mezani pamoja na kamba. Wote wamekufa, tumbo limetokeza mdomoni, macho yametoka. Kibofu chao cha hewa hutanuka mgandamizo wa maji unapopungua. Magamba nayo yalikuwa yamekwanguka, kwa hiyo hata anayechoropoka kwenye matundu ya wavu huko chini ni vigumu kupona.

Wa kwanza nilimpima hadi ncha ya mkia, msimamizi akanizuia. Mkia ule ni mwembamba, hukatika ovyo, hivyo hupimwa kutoka puani hadi linapoanzia pezi la nyuma ya mkundu. Mkubwa hufika mita moja, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia.

Kilichonigusa zaidi ni vijiwe vya sikio. Hukatwa vipande vyembamba, pete zikahesabiwa kwa hadubini kama za mti. Samaki huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 60! Jike hukaa miaka 10 hivi kabla ya kutaga, tena mayai yake huhesabiwa kwa maelfu, wakati torsk hutaga mamilioni. Nilishika mkononi samaki aliyenizidi umri, naye alikuwa anaenda kwenye ndoo.

Makazi yake ni Atlantiki ya Kaskazini, kwenye miteremko ya chini ya bahari, hasa mita 400 hadi 1,200, wengine hupita 2,000. Hula kamba wadogo, ngisi na samaki wadogo.

Sasa kuhusu kuvuliwa: alishavuliwa, na sana. Meli za Kisovieti zilimfuata miaka ya 1960 upande wa Canada, na mwaka 1971 zilipatikana zaidi ya tani 80,000. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nyavu za kukokota sakafuni kwenye kina kinachozidi mita 800 mwaka 2016. Huko Skagerrak, Wadenmark walivua karibu tani 12,000 mwaka 2005, na mwaka uliofuata uvuvi huo ukasimamishwa.

Shida ya Skagerrak ni kwamba wengi waliobaki walizaliwa karibu kwa pamoja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kizazi kikubwa kama kile hakijirudii kila mwaka. Siku ile mezani nilitafuta wadogo. Niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.