Herufi tatu na karatasi ya tatu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: mtoto anapoingia Senior Five, nani amchagulie kombinesheni, yale masomo makuu matatu ya miaka miwili ya mwisho: mzazi, mwalimu au mtoto mwenyewe? Nimelisoma mara mbili na bado naliona limekaa upande. Kila matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa Senior Four hapa Uganda, yakitoka, ugomvi wa nyumbani ni ule ule. Baba anataka PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), mama anasema mwacheni mtoto, na mjomba aliyeko Kampala anapiga simu kusema sheria ndiyo yenye pesa. Wote wanagombania herufi tatu, na hakuna aliyeuliza herufi hizo zinahesabiwa vipi mtoto akifika mlango wa chuo. Mimi nitajibu kinachochaguliwa ni nini. Nani achague, tutafika. Msimamo wangu nautoa mapema: mtoto asiulizwe kwanza. Zianze hesabu.

UACE, mtihani wa mwisho wa Senior Six, ina masomo makuu matatu, Jenero Pepa (karatasi ya maarifa ya jumla) ambayo haikwepeki, na somo dogo moja, ama hisabati ndogo ama TEHAMA. Aliyechukua Hisabati kama somo kuu hupewa TEHAMA. Mwenye sayansi au Uchumi bila Hisabati hupewa hisabati ndogo, ile ambayo watoto huiita sabu-mathi na kuiogopa kuliko inavyostahili, maana ukipata 1 au ukipata 6 unaondoka na pointi moja ile ile. Katika somo kuu, A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O ni 1 na F sifuri. Ukiongeza na pointi moja ya Jenero Pepa, jumla ya juu kabisa ni 20. Wazazi wengi hukomea hapo: mwanangu ana kumi na saba, mwanao ana kumi na tano, tumewashinda.

Chuo hakiisomi kumi na saba hivyo. Makerere na vyuo vingine vya umma huyapa masomo uzito kwa kila kozi. Ya lazima huzidishwa kwa 3, yanayohusiana kwa 2, na Jenero Pepa na somo dogo hubaki na pointi yao moja moja. Chukueni watoto wawili wa PCB wanaotaka udaktari, ambako Biolojia na Kemia ndizo za lazima. Wa kwanza ana A ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Wa pili ana A ya Fizikia, B ya Kemia na C ya Biolojia. Wote wana 17 wakihesabu na yale mawili madogo. Kwa uzito, wa kwanza ana 43 na wa pili ana 41. Kwa aliyeona orodha za udahili, ambako watu huachana kwa nukta moja ya desimali, pointi mbili ni umbali wa kutoka Malaba hadi Kampala.

Waliofanya UCE ya mtaala wa zamani huongezewa kidogo: 0.3 kwa kila distinkisheni, daraja la juu, 0.2 kwa kila kredi, la kati, 0.1 kwa pasi, la chini. Wasichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Mtoto mwenye A tatu, madogo yote mawili na distinkisheni kumi anafika 53, na akiwa msichana 54.5. Hiyo ndiyo dari.

Ukishaiona hesabu hiyo, nusu ya ugomvi wa nyumbani unaisha. Kwa sheria pale Makerere huangaliwa masomo uliyofanya vizuri zaidi, yawe yoyote, kisha kuna mtihani wa kujiunga. Basi hakuna haja ya kumlazimisha mtoto HEL (Historia, Uchumi, Fasihi) eti kwa sababu mawakili husoma Fasihi. Uhandisi unadai Hisabati na Fizikia, kwa hiyo BCM (Biolojia, Kemia, Hisabati) inaufunga mlango huo siku ile ile unapoiandika. PEM (Fizikia, Uchumi, Hisabati) inafunga udaktari na ufamasia. Na sheria ya vyuo vikuu ya 2001 inataka angalau pasi kuu mbili, yaani E au zaidi, katika mtihani wa kikao kimoja. O si pasi kuu, hata kama kijijini watamchinjia mbuzi.

Herufi mbili za kwanza kwa kawaida hujichagua zenyewe kutokana na kozi. Ya tatu ndiyo ya kukalia kikao. Hiyo ndiyo inayozidishwa kwa 2, na ndiyo inayochukuliwa kwa mazoea tu, kwa sababu PCB ni jina kubwa na BCM si jina kubwa.

Hapo niwape kisa kimoja, kwa sababu nadharia bila kisa watu huisahau. Ni cha msichana wa shule moja ya bweni upande wa mashariki, miaka ya kabla ya korona. UCE yake ilikuwa na distinkisheni saba na kredi tatu. Hisabati D1, Biolojia na Kemia D2, zote distinkisheni, Fizikia kredi. Barua ya shule ilimpa PCB na hisabati ndogo. Baba aliipokea kama barua ya posa. Msichana aliomba BCM. Aliulizwa kwa nini, akajibu sentensi moja: "Fizikia ya kwenye daftari naiweza, ya maabara inanitoka mkononi." Mwalimu wa zamu alicheka kidogo. Baba alisema maabara utaizoea. Tena ratiba ya shule ilikuwa imeweka Hisabati na Biolojia kwenye kipindi kile kile, basi BCM haikuwepo hata kama angeipigania.

Ili muelewe kilichofuata, lazima mjue jinsi UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ilivyokuwa ikigeuza namba kuwa herufi. Kila karatasi ya mtihani hupewa daraja, 1 hadi 9, 1 ikiwa bora, lakini herufi haitokani na wastani. Somo la karatasi tatu kama Fizikia linataka karatasi mbili zisizidi 2 na ya tatu isizidi 3 ili upate A. B ni 3, 3, 4. C ni 4, 4, 5. D ni 5, 5, 6. Karatasi mbaya kuliko zote inasamehewa hatua moja tu. Somo la karatasi mbili kama Hisabati halina hata msamaha huo.

Msichana yule alipata 3 na 4 kwenye karatasi mbili za nadharia ya Fizikia. Kwa hizo, B ilikuwa inamngoja mlangoni. Karatasi ya tatu, ya maabara, alipata 6. Ikawa D.

Karatasi hiyo huchukua muda wa saa tatu na robo, ile robo ikiwa ya kusoma maswali. Swali la kwanza, la mekanika, ni la wote. La pili unachagua kati ya mwanga na umeme. Alichagua umeme, waya wa mita moja uliotandazwa juu ya rula, galvanomita, na kigusio cha kutafuta mahali sindano inapotulia kwenye sifuri. Vitu vinavyoharibika hapo vinajulikana, na ni vidogo mno. Ukiburuta kigusio badala ya kukigusisha na kukiinua, unaukwaruza waya na usomaji unaofuata haulingani na uliotangulia. Ukiacha umeme ukipita huku ukiandika, betri inachoka na waya unapata joto. Ukisoma sentimita 42 ukaandika 42, umepoteza alama, kwa sababu rula ile inasomeka hadi milimita, basi ni 42.0. Ukiandika 42.0 mstari wa kwanza na 38 mstari wa nne, safu nzima ina kasoro. Kipimo kisipoandikwa kwenye kichwa cha safu, alama nyingine imekwenda. Kisha grafu. Ukichagua skeli ya tatu tatu au saba saba, kila nukta unaikisia. Mteremko ukiuchukua kwenye nukta zako mbili badala ya kwenye mstari wenyewe, au kwa pembetatu ndogo kama kiganja cha mtoto, mtahini anakata bila kusita. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji akili nyingi. Vinahitaji mkono uliokwisha kuvirudia mara thelathini. Shuleni kwao kila kundi la wanafunzi sita lilikuwa na seti moja ya vifaa, na katika sita, anayeshika kigusio ni yule mwenye kiherehere. Yeye alikuwa mwandishi wa kundi. Miaka miwili aliandika namba walizosoma wenzake.

Hesabu yake ya udaktari: Biolojia B, 15. Kemia B, 15. Fizikia D, 6. Madogo 2, UCE 2.7, msichana 1.5. Jumla 42.2. Karatasi ya maabara ingekuwa 5 tu, Fizikia ingekuwa C na jumla 44.2. Ingekuwa 3, ni B na 46.2. Na kama angefanya ile Hisabati aliyoiomba akapata A, ni 48.2. Sisemi 48.2 ingempa udhamini wa serikali. Nasema pointi sita zilipotea mezani, siku ya barua, kabla hajafungua kitabu hata kimoja.

Nimeandika kisa hiki nikitaka kuonyesha kwamba hesabu ndiyo ichague. Sasa nikikisoma upya naona kinasema kingine. Jedwali la uzito lilisema Fizikia au Hisabati, ile utakayofanya vizuri zaidi. Barua ya shule ilisema PCB. Baba alisema PCB. Aliyejua habari za mkono na waya ni mmoja tu, na habari hizo haziandikwi kwenye matokeo ya UCE. Kidogo nimejikwaa.

Tena siku hizi matokeo hayo yanaongea lugha nyingine. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilifanya UCE mwaka 2024. Lina herufi A hadi E, asilimia 20 ikitoka kwenye kazi za darasani na miradi, na hakuna tena kujumlisha agregeti ya masomo manane bora. Shule iliyozoea kukata mstari kwa agregeti sasa lazima iangalie somo kwa somo, jambo ambalo lilipaswa kufanyika tangu zamani. Na uchaguzi wenyewe umerudi nyuma. Mwisho wa Senior Two mtoto anabaki na masomo saba ya lazima, yakiwemo Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha anaongeza moja au mawili. TEHAMA, Kilimo, Ujasiriamali, Sanaa na hata Kiswahili chetu, kilicho cha lazima Senior One na Two, huangushwa hapo, mara nyingi bila mzazi kujua. Kwa kweli inashangaza gazeti la Kiswahili kuuliza habari za kombinesheni na kutotaja kwamba Kiswahili ni somo kuu la UACE, na kwamba anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari hubeba masomo mawili ya kufundisha. Najua mtaniambia habari ya mshahara: tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii analipwa milioni nne na mwenzake wa sanaa akabaki mbali chini. Ni kweli, na sina dawa ya hilo.

Basi jibu. Mtoto achague, hasa ile herufi ya tatu. Mzazi na mwalimu wakae na orodha ya uzito ya mwaka ule ule, si ya kaka yake, wamwonyeshe milango inayofungwa, kisha wanyamaze. Akichagua, apewe wiki tatu, si muhula. Senior Five huanza baada ya matokeo ya UCE, muhula wa kwanza unakuwa nusu, na silabasi ya miaka miwili inafundishwa kwa mihula mitano na kidogo. Usajili wa UNEB ni Senior Six, kwa hiyo kwenye karatasi kubadilisha kunawezekana mwaka mzima. Kwenye akili, anayeingia Uchumi mwezi wa nane hafiki. Mtoto anayetaja kozi kwa sababu rafiki yake ameitaja, hesabu zimshinde nguvu.

Na kabla ya kulipa ada, mzazi aombe kuona mambo mawili tu: ratiba, ajue ni masomo gani yamewekwa kipindi kile kile, na maabara siku ya zoezi, ahesabu ni watoto wangapi kwa seti moja. Wakiwa sita, yote niliyosema kuhusu mtoto kuchagua Fizikia nayarudisha mfukoni.

Msomaji wenu, Tororo