Maswali ya Wasomaji: Saa Iliyoanza Kukimbia

SWALI: Saa yangu ya mkononi ni ya kamani, nami huitia ufunguo kila asubuhi. Kwa miaka mingi haikupotea zaidi ya sekunde 10 kwa siku, lakini tangu wiki iliyopita inatangulia kwa takriban dakika 20 kila siku. Haijaanguka wala haijaingia maji. Usiku huiweka juu ya spika ndogo kando ya kitanda. Je, spika hiyo ndiyo chanzo?

JIBU: Yaelekea ndiyo. Ndani ya saa yako mna kamani ya pili, nyembamba mithili ya unywele, iliyojiviringa juu ya gurudumu la mizani, na urefu wake ndio unaoamua kasi ya gurudumu hilo kwenda na kurudi. Ikishika usumaku, mizunguko yake hunatana, ikawa kana kwamba imefupishwa, na kamani fupi huliharakisha gurudumu. Ndiyo maana saa ya namna hii kwa kawaida hukimbia, ingawa zipo zinazochelewa au kusimama kabisa. Saa ya betri yenye mishale huweza kusimama ikiwa karibu na sumaku, kisha ikaendelea ikiondolewa. Yako haina bahati hiyo, kwa kuwa chuma kilichoshika usumaku hubaki nao.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 764 huitaka saa inayoitwa kinzani kwa sumaku istahimili uga wa ampea 4,800 kwa mita, na baadaye isipotee kwa zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Sumaku ya spika, ya kifungo cha mkoba au ya kifuniko cha kompyuta ndogo huweza kupita kiwango hicho ikigusana na saa, lakini nguvu yake hufifia upesi mno, hivyo nafasi ya upana wa kiganja kwa kawaida hutosha.

Wengi hupima kwa dira, na wengi hudanganyika, kwa sababu mshale wa dira huvutwa na chuma chochote, hata kisicho na usumaku. Izungushe saa polepole kando ya dira: ncha ya mshale ikisukumwa mbali badala ya kuvutwa, hapo una hakika, maana sumaku pekee ndiyo husukuma sumaku.

Dawa yake ni nafuu. Fundi saa huipitisha saa, bila kuifungua, kwenye koili yenye umeme wa mkondo geu, kisha huitoa taratibu hadi umbali wa mkono ulionyooshwa ndipo azime umeme. Akizima mapema, saa huweza kutoka na usumaku mpya. Ikiendelea kukimbia baada ya hapo, mwombe aifungue aitazame kamani hiyo, kwani tone la mafuta lililoifikia huinatisha vilevile.