Kisu cha kukunja cha bei poa: anza na kiungo, makali baadae

Nna kovu kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia, pale pingili ya kati, na kila nikiliona nakumbuka elfu saba, maana ndo bei niliyonunulia kile kisu. Ilikua Moshi, jamaa anavitembeza kwenye boksi, vyeusi tii, vina maandishi makubwa ubavuni, vina ndoano ya kukatia mkanda wa gari na kile kijichuma cha kuvunjia kioo, sasa mi mgumu nabeba mzigo Kilimanjaro sijui nilikua naenda kuvunja kioo cha nani huko juu. Nikakifungua, tak! springi ikakirusha chenyewe, nikajiona mwanaume kweli kweli, nikalipa.

Siku ya pili ya safari tuko kambi ya Shira, mkanda wa begi umekatika, nikataka kutoboa tundu jipya nirudishie pini. Nikaweka mkanda juu ya jiwe, nikasimamisha kisu, nikasukuma ncha. Haikuingia. Nikasukuma tena kwa nguvu na hapo loki, yaani kile kizuizi cha kushika bapa lisijikunje, ikaachia, bapa likarudi nyumbani kwake na njiani likanikuta mimi. Niliona nyeupe kwanza, damu ikaja baadae. Gaidi, yaani yule anayeongoza wageni mlimani, alinifunga vizuri ila siku zote zilizobaki nilikua nashikilia mzigo kama nashika yai, na mzigo ni kilo ishirini wanakupimia getini, haupunguzwi kwa sababu umejikata mwenyewe.

Ndo maana mtu akiniuliza ninunue kisu gani cha kukunja cha porini na sina hela, mi simwambii habari za makali kabisa. Makali unatengeneza, hata kisu cha kipumbavu ukikipeleka kwa yule mnoa visu wa baiskeli kitakata nyanya. Kiungo hutengenezi. Kisu cha kukunja ni kisu ambacho tayari kimevunjwa katikati makusudi kikaungwa tena na pini, kwahiyo unachonunua hasa ni ile pini na ile loki, mengine yote yanafuata.

Sasa ukiwa mbele ya muuzaji fanya hivi, na usione aibu. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja, bapa lishike kwa mgongo wake na mkono wa pili, litikise kushoto kulia. Likicheza kidogo sana na kina skurubu pale kwenye kiungo, sawa, skurubu inakazwa. Likicheza na hakuna skurubu, ni riveti tu, rudisha. Halafu tikisa juu chini kisu kikiwa kimefungwa loki, hapo hakitakiwi kucheza hata chembe, ukiskia kile kimlio cha tk tk hiyo loki haikai sawa. Mwisho toa vidole vyote kwenye njia ya bapa, narudia, vidole vyote, ushike ubavuni tu, gonga mgongo wa bapa kwenye mbao taratibu mara tatu nne. Kikijikunja umejiokolea kidole. Muuzaji akikataa usikijaribu basi kashakujibu.

Loki zenyewe ziko aina nyingi ila kwenye bei yetu utakutana sana na ile ya bati la ndani, yaani kuna kibati upande mmoja ndani ya mpini, ukifungua kinasogea kinakaa nyuma ya kitako cha bapa kukizuia. Chungulia kwa juu. Kile kibati kiwe kinene, ukikiona chembamba kama kopo la soda achana nacho, na kiwe kimeingia vizuri nyuma ya bapa, sio kimegusa kwa pembeni kama mtu anayekaa kwenye daladala iliyojaa. Changu cha elfu saba kiligusa kwa pembeni, sema mi nilikua naangalia ule mlio wa tak.

Na hiyo springi ya kurusha bapa, kwa kazi za nje haina maana. Kinafunguka mfukoni, vumbi likiingia inakwama, na ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Kisu chenye vitu vichache ndo kinadumu.

Mfano mzuri ni Opinel, mgeni mmoja Mfaransa aliniachia tulipomaliza safari, maana wageni wakishuka huwa wanagawa vitu, mwenzangu alipata buti mi nikapata kisu, roho iliniuma kwa kweli. Kisu chenyewe kama cha mchezo, mpini wa mbao duara, chepesi hukisikii mfukoni. Vinatengenezwa kule Savoie, kwenye milima yao ya Alpi, alianza Joseph Opinel mwaka 1890 na kwao ni kisu cha mkulima, cha kukatia mkate na jibini, wala sio kitu cha kifahari. Vipande vitano tu: bapa, mpini, pini, na pete mbili za chuma pale shingoni. Ile pete ya juu unaizungusha na kidole inaziba njia, bapa halirudi. Hiyo pete waliiongeza mwaka 1955 na mpaka leo sijaona loki ya bei ndogo iliyo rahisi kuielewa kama hiyo, ukiiangalia tu unaona imefunga au haijafunga. Changu ni namba 8, bapa sentimita nane na nusu, na kwangu huo ndo urefu wa kutosha, ukizidi hapo unabeba chuma cha bure.

Kasoro yake ni mvua. Mbao inavimba inalibana bapa ndani halitoki, nilishahangaika nalo na kucha mpaka ukucha ukapinduka, kumbe wenyewe wanagonga kile kitako cha mpini kwenye jiwe na bapa linachomoza lenyewe. Ila bora kinga, nilikifungua nikakipaka nta ya mshumaa pale kwenye kiungo, nikapasha kidogo juu ya jiko ikanywea ndani, toka hapo hakijanisumbua sana.

Kingine ni Okapi, hiki watu wa Mbeya na kusini huko wanakijua, mjomba wangu alikua nacho kikikaa mfuko wa koti na ukimsikia anakifungua, kra-kra-kra-kra, ujue kuna muwa au chungwa. Kwa asili ni cha Wajerumani, walianza kukitengeneza mwaka 1902 cha kuuza kwenye makoloni yao Afrika, siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Mpini wa mbao una nyota na mwezi, nyuma kuna kipete, unakivuta ndo kinaachia. Kinatikisika kushoto kulia, sikudanganyi, karibu vyote viko hivyo, ila ile springi ya mgongoni imeshika kweli. Kwa bei yake sina neno. Tatizo lake ni sifa, huko Afrika Kusini kinajulikana sana kwa ugomvi, kwahiyo kaa nacho ndani ya begi, usikifungue kra-kra-kra ndani ya basi.

Chuma sasa. Usiamini maandishi, maandishi ni wino. Neno stenlesi peke yake halikwambii kitu, sufuria pia ni stenlesi. Ukikuta kimeandikwa 440 tupu, hiyo ni aina ya stenlesi, jua 440 kuna A, B na C na yenye kaboni nyingi ni C, sasa mtu mwenye C angeiacha kuandika kwa nini? 8Cr13MoV ni chuma cha Kichina cha bei ndogo, kikichomwa vizuri kiwandani kinafaa kabisa. Mi natembea na kisumaku cha spika mbovu: bapa lisiposhika sumaku kabisa, hicho ni chuma cha jamii ya vijiko, hakiwi kigumu hata ukichome vipi. Likishika bado sio ushahidi kwamba ni zuri, ila angalau hujauziwa kijiko.

Opinel yangu na Okapi ya mjomba ni chuma cha kaboni, kinanoleka haraka hata kwa kitako cha kikombe cha kauri ile sehemu isiyo na rangi, ila kinashika kutu. Ukikata ndimu au embe kinageuka kijivu, hiyo sio kutu, iache. Ile nyekundu ndo ya kufuta. Mi nafuta na kitambaa napaka mafuta ya kula matone mawili, na ukiwa Tanga au Dar na ile chumvi ya hewani paka hata kama hujakitumia. Kama wewe ni mtu wa kutupa kisu kwenye begi kikiwa na maji ya nanasi, chukua stenlesi tu, usijitese.

Halafu usikitume kazi ya panga. Kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa bapa na jiwe, nimewaona watu wanafanya, kila pigo linakwenda kwenye ile pini. Na kutoboa kwa kusukuma ncha, ukiwa na kidole chako bado kizima, chukua shazia.

Kile cheusi ninacho mpaka leo. Kipo kwenye boksi la spana, loki nimeizungushia waya wa kufungia nondo kisijikunje tena, nafungulia makopo ya rangi.